Triklosani: panya alipata uvimbe, hamsta hakupata. Tumfuate nani?

Wadau, naomba tulijadili suala la triklosani, kemikali ya kuua bakteria iliyotiwa kwenye sabuni na dawa za meno kwa miaka mingi. Kila linapoibuka, upande mmoja hudai ipigwe marufuku kwa sababu iliwaletea panya uvimbe wa ini. Upande wa pili hujibu kwamba panya si mtu. Mimi naona hoja zote mbili zinapwaya.

Ni kweli panya wa maabara wa spishi ndogo (kwa Kiingereza mice) waliolishwa kemikali hiyo kwa miezi 18 walipata uvimbe. Panya wa spishi kubwa (rats) na hamsta, mnyama mdogo wa jamii ya panya, hawakupata. Ini la kila mmoja huifunga triklosani kwa asidi ya glukuroniki au salfeti ili itoke mwilini, ila mlango wa kutokea si mmoja. Kwa panya, wadogo kwa wakubwa, sehemu kubwa hupitia kwenye nyongo na kuishia kwenye kinyesi. Kwa hamsta na binadamu hutoka zaidi kwa mkojo. Katika utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2006, watu 10 walimeza miligramu 4 kila mmoja, na ndani ya siku 4 mkojo wao ulitoa kati ya asilimia 24 na 83 ya dozi. Tazameni pengo hilo, na wote ni binadamu!

Sasa wapo wanaosema: sisi tu kama hamsta, basi tuko salama. Haraka hiyo ya nini? Panya wakubwa nao huitoa kwa nyongo, mbona hawakupata uvimbe? Wengine hutaja PPAR-alfa, protini ya ini inayoweza kuchochea uvimbe ikiamshwa, na ambayo kwa panya huamka kirahisi kuliko kwetu. Lakini mwaka 2014 watafiti wa San Diego walionyesha kwamba kwa panya kemikali hii huamsha pia CAR, protini nyingine ya ini inayohusishwa na uvimbe kwa panya, na hiyo hata sisi tunayo.

FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilipoiondoa kwenye sabuni za kunawia za majumbani mwaka 2016, pamoja na kemikali nyingine 18, haikusubiri kesi ya panya iishe. Ilisema watengenezaji hawajathibitisha kwamba ni salama kwa matumizi ya kila siku, wala kwamba inaishinda sabuni ya kawaida na maji. Naunga mkono kwa moyo wote: anayeuza ndiye athibitishe.

Dawa ya meno haikuguswa na uamuzi ule, maana huko ilionekana kupunguza ugonjwa wa fizi. Je, faida hiyo inatosha kuiruhusu?