Wale wa chipu za WiFi (mnawajua) wamenijibu "tumia Windows"!!!

Kerneli_Panic:

Wakuu,

Naandika hapa mikono inatetemeka. Barua pepe nimeifungua sasa hivi na hata chai imenishinda. Ile kampuni ya chipu za WiFi, mnaijua, sina haja ya kuitaja, ile ambayo chipu zake zimo ndani ya kila kidude cha USB kinachouzwa Kariakoo, wamenijibu. Niliwaomba nyaraka za chipu yao. Jibu: "Tunakushauri utumie Windows."

Tumia Windows!

Umeuziwa kufuli, unaomba ufunguo, unaambiwa uhame nyumba!

Ni maabara ya shule. Kompyuta ni za mtumba kutoka Ulaya, RAM GB 4, tumeweka Linux na zinapaa. Ruta iko ofisi ya mwalimu mkuu, kwa hiyo kila kompyuta ikachomekewa kidude cha WiFi cha hawa mabwana. Vya kwanza vikafanya kazi vizuri. Tukaongeza vingine: boksi lile lile, jina lile lile, bei ile ile. Nachomeka, naandika lsusb (amri ya kuorodhesha vidude vya USB), inaniletea namba nyingine kabisa. Wamebadilisha chipu ndani na hawakumwambia mtu! Alama pekee ni "V2" pembeni ya boksi, karibu na msimbopau, maandishi ya kusomwa na sisimizi.

Ya hiyo V2 wametoa zip ya msimbo wa draiva (programu ya kuiwezesha kompyuta kukitumia kidude) waliyoitupa mtandaoni na kukimbia. Inakubali kerneli (kiini cha Linux) za zamani tu. Ukisasisha kerneli, unaandika make (amri ya kujenga msimbo), yanamwagika makosa mpaka skrini inachoka, kwa sababu mambo ya ndani ya kerneli yamebadilika na hakuna aliyebaki kuitunza hiyo zip. Kompyuta zimekaa, watoto wamekaa, WiFi hakuna.

Sasa nisikilizeni vizuri nilichoomba. Sikuomba msimbo wao. Sikuomba michoro ya kiwanda. Nimeomba orodha ya rejista: niandike namba gani kwenye anwani ipi ili redio iwake na ihame chaneli. Basi! Draiva naandika mimi, watu wa linux-wireless (wanaosimamia WiFi kwenye kerneli) wanaikagua, inaingia kwenye kerneli, na wao hawatoi hata senti. Wakitaka mkataba wa kutunza siri, nasaini. Na wala si wazo langu, Greg Kroah-Hartman, mmoja wa vigogo wa kerneli, alitangaza tangu Januari 2007 kwamba waandishi wa kerneli wako tayari kuiandikia kampuni yoyote draiva BURE, na mkataba wa siri ukihitajika utasainiwa. Kazi ya bure, mlangoni kwao, miaka yote hiyo, halafu mtu anakaa kwenye kiti cha kuzunguka ananiandikia mimi nitumie Windows.

Barua yao imeanza "Mpendwa mteja", jina langu hawakuliandika hata mara moja. Ikamalizia na nyota tano nibonyeze kuonyesha nimeridhika kiasi gani. Katikati ndiyo hilo tusi. Nimeisoma tena na tena nikidhani macho yangu yana kasoro. Tumia. Windows.

Na asije mtu hapa na hadithi za siri za biashara. AMD walianza kutoa nyaraka za kadi zao za picha 2007, hadharani kabisa. Wamefilisika?

Shemeji_wa_Tabata:

Niko siti ya mbele, karanga mkononi.

pengwini_mweusi:

Pole sana mkuu. Hao jamaa nawajua, mwaka jana walinijibu kwamba chipu "haijatengenezwa kwa ajili ya mfumo huo". Nilichemka wiki nzima.

Mzee_wa_BSD:

Mkuu nakuunga mkono, ila hapo kwenye kusaini mkataba wa siri umenichefua. Usisaini! Theo de Raadt na wenzake wa OpenBSD (mfumo huria mwingine kama Linux) walikataa mikataba hiyo kabisa, maana draiva huria ikishatoka kila mtu anaisoma, sasa siri gani unatunza? Wao walikuwa wanaita watumiaji waandike barua kwa kampuni kwa wingi mpaka nyaraka zitoke. Kuna waliolegea, kuna waliokaza shingo. FSF, taasisi ya programu huria, walimpa Theo tuzo ya 2004 kwa msimamo huo huo. Wewe unafika na kalamu mkononi, lazima wakudharau.

Kerneli_Panic:

Mzee, shikamoo. Lakini mimi nina watoto wanasubiri intaneti, siwezi kungoja vita viishe. Na hata wangeuleta huo mkataba ningefurahi, angalau ungekuwa mkataba! Wameleta WINDOWS.

Dogo_Janja_IT:

Kwani mkuu ukiweka Windows unakufa?

Kerneli_Panic:

Dogo, kwenye kompyuta ya GB 4? Leseni utalipia wewe? Watu wanajitolea kuwafanyia kazi bure, wanatukanwa, halafu na wewe unaongeza!

Dogo_Janja_IT:

Nimeuliza tu mzee baba. Nunua vidude vya chipu nyingine basi, buku kumi na tano tu.

pengwini_mweusi:

Hapo dogo ana hoja lakini. Tafuta chipu zenye draiva ya mt76, ile iko ndani ya kerneli yenyewe na wenye chipu wanashirikiana vizuri na waandishi. Shida dukani boksi haisemi ndani kuna chipu gani, muuzaji ukimuuliza anakuangalia kama umemuomba kura.

Boss_Nairobi:

Huku kwetu ni vile vile, boss. Lakini WiFi ni afadhali. Uliza sisi wa kadi za picha! Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliinyooshea Nvidia kidole cha kati mbele ya kamera, Chuo Kikuu cha Aalto kule Ufini, 2012, akasema Nvidia ndiyo kampuni mbaya kuliko zote walizowahi kushughulika nazo. Wale wa Nouveau (draiva huria ya kadi za Nvidia) walikuwa wanafumua kadi moja moja, kuchungulia draiva yenyewe inaandika nini kwenye chipu, wanabahatisha. Zikaja kadi za GTX 900, femuwea (programu ya ndani ya kadi) ikawa lazima iwe na saini ya kampuni. Bila saini kadi haipandi kasi, inatambaa. Mpaka 2022 ndipo Nvidia wakafungua msimbo wa sehemu ya draiva inayokaa kwenye kerneli, na femuwea bado imefungwa. Miaka kumi baada ya kidole!

Kerneli_Panic:

Boss hiyo naijua, lakini Nvidia hawakuniandikia mimi binafsi "Mpendwa mteja, tumia Windows".

Mama_Stesheni:

Samahanini wanangu, mnalia na WiFi hamjakutana na printa. Mimi nina stesheni, duka la kuchapa na kutoa kopi, karibu na chuo, msimu huu wa ripoti wanafunzi wamepanga foleni mpaka barabarani. Printa inaniambia wino umeisha. Katriji nimeitingisha, nzito, inacheza wino ndani! Kuna kichipu kinakadiria wino uliotumika, kikifika kiwango chake kinagoma, wino uwepo usiwepo. Nimejaza wino wa chupa, kikasema katriji haitambuliki. Pesa yangu, printa yangu, inaniambia hainitambui!

pengwini_mweusi:

😂😂 Mama pole. Printa ndiyo zilianzisha vita yote hii. Richard Stallman, baba wa programu huria, kule chuo cha MIT Marekani aliletewa printa ya Xerox, ikikwama karatasi yeye yuko ghorofa nyingine hajui. Akataka kuongeza msimbo wa kumpa taarifa kama alivyofanya kwenye printa ya zamani. Akaenda kumwomba mtu wa chuo cha Carnegie Mellon aliyekuwa na msimbo wa printa hiyo, akanyimwa kwa sababu jamaa alishaahidi kutompa mtu. 1983 akatangaza GNU, mradi wa kujenga mfumo huria wa kompyuta.

Mzee_wa_BSD:

Mnaona sasa? Mkataba wa siri! Nilisema!

Shemeji_wa_Tabata:

Mama hiyo printa ni ya rangi au nyeusi?

Mama_Stesheni:

Ya rangi mwanangu. Na ukimaliza njano tu, hata barua ya maandishi meusi haitoi!

Dogo_Janja_IT:

Hii kweli ni dhuluma. WiFi ya mkuu pale juu inasubirika, hii ni biashara ya mtu.

Kerneli_Panic:

Wakuu turudi kwenye mada jamani. Nataka tuwaandikie wote kwa pamoja, kila mtu barua moja leo leo, tudai orodha ya rejista. Nani yuko tayari?

Boss_Nairobi:

Mama, uza hiyo, chukua ya tangi. Unamimina wino juu na huo upuuzi wa katriji hauko.

Mama_Stesheni:

Za tangi bei gani huko? Huku nimeambiwa laki sita na ushee nikakimbia.

Shemeji_wa_Tabata:

Kuna jamaa yangu anauza iliyotumika, kichwa chake kizima kabisa. Nikupe namba yake inbox?

Mama_Stesheni:

Nipe mwanangu. Ila niko Mwanza, atanitumia kwa basi?

Shemeji_wa_Tabata:

Anatuma. Ila ahakikishe ametoa wino kwanza, ya kwangu ilimwagikia begi la mtu kwenye buti mpaka Shinyanga nikapigiwa simu.