Waifai imepotea Ubuntu 22.04 baada ya kusasisha keneli (Broadcom BCM43142)

washa_upya:
Habari zenu wakuu. Laptop ina kadi ya Broadcom BCM43142, ina Windows na Ubuntu 22.04. Keneli (kiini cha mfumo wa Linux) imesasishwa kutoka 6.5 kwenda 6.8, na baada ya kuwasha upya alama ya Waifai haipo kabisa. `rfkill list` inaonyesha Bluetooth tu. Upande wa Windows Waifai inakamata kama kawaida. Waya wa mtandao sina. Nawezaje kuirudisha bila kupiga Ubuntu upya?

Bandari22:
Usipige upya. Kadi ni nzima, ila draiva yake (programu inayoiendesha) haikujengwa kwa keneli mpya. Kadi hiyo inatumia draiva ya `wl`, ambayo haimo ndani ya keneli. Inatoka kwenye kifurushi cha bcmwl-kernel-source, na DKMS, zana ya kujenga draiva, huijenga upya kila keneli inapobadilika. Ikikosa heda za keneli hiyo (faili za kujengea draiva), inashindwa, nawe unakuja kugundua baada ya kuwasha upya.

Intaneti ya muda chukua kwenye simu ya Android: ichomeke kwa kebo, washa kusambaza mtandao kwa USB. Ubuntu itaiona kama kadi ya waya. Isipoiona badilisha kebo, nyingine zinapitisha chaji tu. Kisha:

`uname -r`
`lspci -nnk | grep -A3 14e4`
`dkms status`

Kama mstari wa "Kernel driver in use" haupo, na dkms inataja 6.5 bila 6.8, endelea:

`sudo apt update`
`sudo apt install linux-headers-$(uname -r)`
`sudo apt install --reinstall bcmwl-kernel-source`
`sudo modprobe wl`

mzizi_sudo:
Naongezea hapo. Amri ya Bandari22 ya `linux-headers-$(uname -r)` inaleta heda za keneli hii moja tu. Sasisho lijalo utarudi palepale. Weka pia `linux-headers-generic-hwe-22.04`. Wengi huweka `linux-headers-generic` kwa mazoea, lakini kwa 22.04 hiyo inaleta heda za 5.15, hazitakusaidia kitu kwenye 6.8.

Ujenzi ukigoma, sababu imeandikwa kwenye make.log ndani ya /var/lib/dkms/bcmwl/. Mara nyingi ni kifurushi cha zamani kisichoijua keneli mpya, ndiyo maana `apt update` hairukwi.

Na kama simu haipo karibu, keneli ya 6.5 bado ipo kwenye diski. Kwenye menyu ya GRUB (ya kuchagua mfumo wakati wa kuwasha) ingia "Advanced options" uichague, Waifai itarudi, kisha weka heda za 6.8 ukiwa humo. Menyu isipojitokeza, gusa Esc mara moja wakati wa kuwasha. Ukiigonga mfululizo utaangukia kwenye mstari wa amri wa `grub>`. Na `apt autoremove`, ambayo huweza kufuta keneli ya zamani, isubiri hadi 6.8 ikae sawa.

washa_upya:
Ujenzi umepita, ila modprobe inasema: `could not insert 'wl': Key was rejected by service`.

mzizi_sudo:
Hiyo ni Secure Boot, ulinzi unaokataa draiva yenye saini isiyotambulika. Hakikisha kwa `mokutil --sb-state`. Draiva imesainiwa na ufunguo wa mashine yako mwenyewe, ambao mfumo haujauandikisha.

`sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der`

Itaomba uweke nywila. Ni ya matumizi ya mara moja. Washa upya, itokee skrini ya bluu: Enroll MOK (kuandikisha ufunguo huo), Continue, Yes, andika nywila, Reboot. Skrini hiyo haikai muda mrefu. Ikikupita, rudia amri. Pia inasoma kibodi kwa mpangilio wa Marekani, kwa hiyo tumia herufi na tarakimu tupu.

Utashauriwa uzime Secure Boot kwenye BIOS. Inafanya kazi, lakini kama upande wa Windows una BitLocker (ufungaji wa diski kwa msimbo), huenda ukadaiwa ufunguo wa kurejesha. Kama huna ufunguo huo mkononi, usiguse.

washa_upya:
Imekubali. dkms inaonyesha 6.8 "installed" na mitandao inaonekana, isipokuwa ule wa 5 GHz wa ruta ileile.

Bandari22:
Huo hautauona, mkuu. BCM43142 ni ya 2.4 GHz tu, hata kwenye Windows.