Picha za simu zinagoma kupanda, PDF ndogo zinapita

kijana_wa_seva: Wakuu, salaam. Nina mfumo wa maombi ya mikopo ya saccos, PHP nyuma ya nginx (seva ya wavuti inayopokea kila kitu kwanza). Mwombaji akipiga picha ya kitambulisho kwa simu, faili la MB 4 hivi, anapata ukurasa mweupe wenye 413 (kosa la "kilichotumwa ni kikubwa mno"). Nimepandisha vikomo vya PHP, upload_max_filesize (faili moja) hadi 20M na post_max_size (fomu nzima) hadi 25M, nikawasha PHP upya, wapi! Kwenye laptopu yangu linapita.

mzee_wa_logi: Hiyo 413 haitoki PHP, mkuu. Ni nginx anakukatalia mlangoni. Asipoambiwa kitu, mwisho wake ni MB 1. Weka client_max_body_size 25m; ndani ya block ya server kwenye config ya nginx, pima kwa nginx -t, kisha reload. Laptopu bila shaka unatumia seva ya PHP yenyewe, nginx hayupo. Na usije ukaweka 0, hiyo inaondoa kikomo kabisa, mtu atakujazia diski.

binti_kodi: Na post_max_size ikizidiwa, $_POST na $_FILES (data ya fomu na mafaili ndani ya PHP) zinakuja tupu. Fomu inalalamika "jaza jina" wakati mtu kalijaza, anakupigia simu kwa hasira. Angalia CONTENT_LENGTH (ukubwa wa kilichotumwa) kwanza. Mimi hupunguza picha kwa canvas (turubai ya kuchorea ya JavaScript) kwenye kivinjari kabla haijatumwa. Kitambulisho hakihitaji MB 4 kusomeka, na bando ni la mwombaji.

kijana_wa_seva: Imekubali, 413 imepotea. Picha za HEIC (muundo wa picha za iPhone) je, canvas inazisoma?

binti_kodi: Chrome hapana. Pokea JPEG na PNG tu, na useme hivyo juu ya kitufe.