Unga (heroini) mkali umeingia mtaani, tujipange vipi watu wakianza kuzima hovyo? Naombeni ushauri

Habari zenu wakuu. Niko Temeke, tuna kikundi cha vijana tunapita maskani kuongea na mateja, anayetaka kuacha tunamsindikiza kliniki ya methadoni (dawa ya kumsaidia mtu kuacha heroini) pale hospitali ya Temeke. Sasa siku hizi naskia kuna kete kali kuliko kawaida, na wa hatari zaidi ni wale waliotoka jela au sober house (nyumba za kuachia unga), mwili ushasahau dozi ya zamani yeye anapiga ileile, anazima hapohapo.

Ukimkuta midomo ya bluu, anakoroma, pumzi zinakatika, na wenzie wanammwagia maji, wengine wanamnywesha maziwa au kumchoma maji ya chumvi, yani wanamuongezea balaa tu. Dawa najua ni naloksoni, inazindua ndani ya dakika chache ila baada ya nusu saa mpaka saa moja na nusu hivi nguvu inaisha na mtu anaweza kuzima tena, kwahiyo hospitali lazima afike.

Mliopo kwenye afya, kikundi kama chetu kinaweza kupewa naloksoni tukae nayo au mpaka iwe kwa nesi? Nani anafundisha kumpulizia mtu pumzi? Halafu madereva bajaji wanakimbia wakiona teja kazima, wanaogopa kesi ya polisi, nyie wa Mombasa na Zanzibar hilo mnalifanyaje? Tukipata watatu wanne usiku mmoja sijui tunaanzia wapi.

Wa "waacheni wafe" naomba mnipite tu.