Mabeki sita wa pembeni, nafasi nne: nani abaki?

Mshika_Kibendera:
Wakuu, habari za jioni. Timu iko Arusha, Ligi ya Championship, nyumbani ni Sheikh Amri Abeid. Fungu la mishahara linabeba mabeki wa pembeni wanne na mezani wapo sita. Kocha ni wa 4-3-3 (mabeki wanne, viungo watatu, washambuliaji watatu) na habadiliki. Majina nayaacha, nawaita kwa herufi.

Kulia yuko A, miaka 31, dakika 1,650 za ligi msimu uliopita, mkataba umebaki mwaka mmoja. B ana 22, dakika 930, mbio anazo na krosi anaijua, ila krosi ikitoka upande wa pili, kwenye nguzo ya goli iliyo mbali na mpira watu wanamtokea mgongoni. C ana 20, katoka timu ya vijana, dakika 120, mkataba unaisha mwisho wa mwezi ujao.

Kushoto ni D, miaka 27, mguu wa kushoto wa kuzaliwa na ndiye mpiga kona. Kacheza dakika 1,150 tu, msuli wa nyuma ya paja ulimtoa mara tatu. E ana 24, mguu wake ni wa kulia lakini ndiye aliyeziba pengo la D kwa dakika 1,550, na kulia pia anacheza. F ana 19, wa kushoto, anarudi kutoka mkopo kwenye timu moja ya pwani, daraja la chini yetu.

Kamati inataka A na E watemwe. A kwa umri, E kwa kuwa "si namba tatu halisi", yaani beki wa kushoto wa kweli. Mimi naomba vigezo vya kupima, kura tumeshapiga za kutosha.

LainiYaNne:
Mkuu, sifa ziweke kando kwanza, hesabu dakika. Mechi 30 kwa dakika 90 ni 2,700 kila upande, jumla 5,400, kombe sijaligusa. Andika kila mchezaji atakupa ngapi kwa uhakika, si ngapi unatamani. D anakupa chini ya nusu ya upande wake mpaka athibitishe vingine. Ukimtoa E, zile 1,550 anazibeba nani? F ambaye hajacheza daraja hili? Kwangu E ndiye wa kwanza kwenye orodha, hao wengine ndio wajadiliwe.

Halafu kuna benchi. Mabadiliko ni matano lakini ya kusimamisha mchezo ni mara tatu tu, mapumziko hayahesabiwi. Kiraka wa namba mbili (beki wa kulia) na namba tatu anakuokolea kiti kizima cha akiba, kocha anaweka winga au mshambuliaji mwingine pale.

Sasa B na C. Kosa la nguzo ya mbali linapimika vizuri tu. Weka mpiga krosi winga ya upande wa pili, mita 20 hivi kutoka mstari wa goli. Beki asimame usawa wa nguzo ya mbali, mshambuliaji aanzie nyuma yake mita nne au tano. Krosi kumi, nusu dakika kati ya mpira na mpira. Usihesabu mabao, bao ni bahati ya mshambuliaji. Hesabu vitu viwili: kageuza shingo mara ngapi kabla mguu haujagusa mpira, na mpira ukiwa hewani yuko upande wa goli au mtu keshapita mbele yake.

Mtazame miguu. Beki mwenye tatizo kama la B husimama kifua chote kimeelekea mpira, visigino vimelingana, na mtu aliye mgongoni hayupo kabisa machoni pake. Anayejua husimama kiubavu, mguu mmoja nyuma, mpira anauona kwa jicho moja na mtu kwa jingine, na anajiweka hatua moja na nusu ndani zaidi ya adui. Hilo linafundishika kwa wiki sita kama mtu anasikia. Kasi haifundishiki kiasi hicho, kwa hiyo kwa karatasi B anamzidi C. Isipokuwa kama mpaka krosi ya kumi bado hajageuza shingo hata mara moja, hapo shida si mafunzo tena.

Rudia zoezi hilohilo baada ya kuwachosha. Mabeki wote ni wazuri dakika ya tano.

Paja_na_Kinena:
Naongezea upande wa mwili. Beki wa pembeni wa 4-3-3 anapanda na kushuka siku nzima, kwa hiyo mbio moja ya kasi haikuambii kitu. Mkimbize mita 30 mara sita, kila sekunde 30 anaanza upya. Chukua muda wake bora, linganisha na wastani wa zote sita. Wa sekunde 4.2 mwenye wastani wa 4.4 ni mali. Wa 4.0 anayemaliza na wastani wa 4.6 atakupa kipindi cha kwanza tu, na winga mjanja atamsubiri.

Angalizo kwa F. Vipimo vya pwani usivilinganishe na vya Arusha. Hapa tuko karibu mita 1,400 juu ya bahari. Mbio moja fupi haiathiriki, kinachochelewa ni pumzi kurudi kati ya mbio na mbio. Mpe siku kumi hadi wiki mbili za mazoezi ndipo umpime, la sivyo utamhukumu kwa kosa la mlima.

D ndiye mtihani. Dalili kubwa kuliko zote kwamba msuli huo utachanika ni kwamba ulishawahi kuchanika. Mara tatu kwa msimu mmoja maana yake ama alirudishwa mapema, ama hakuimarishwa, au vyote viwili. Kabla ya kumtema ulizeni kama aliwahi kufanya zoezi la magoti: anapiga magoti, mwenzake anamshika vifundo, anajishusha mbele polepole mwili umenyooka kuanzia magotini hadi kichwani, akishindwa kujizuia anapokea ardhi kwa mikono. Wiki ya kwanza seti mbili za mara tano, siku moja tu. Mnapanda taratibu hadi seti tatu za mara nane mpaka kumi na mbili. Msilianze siku mbili kabla ya mechi, maumivu ya misuli yatamtoa mchezoni na kocha atalipiga marufuku. Ndivyo zoezi hili linavyokufa kwenye timu nyingi.

Na safari za basi zihesabiwe. Mtu aliyekaa saa kumi amekunja magoti asipewe mbio za nguvu zote jioni hiyohiyo eti "kulainisha misuli".

Karani_wa_Usajili:
Mnapima viungo, karatasi mmesahau. C mkataba unaisha mwezi ujao. Kanuni za FIFA zinamruhusu mchezaji kusaini kwingine mkataba wake ukibakiza miezi sita, kwa hiyo huenda mnajadili mtu aliyekwisha saini. Muulizeni leo, vipimo baadaye.

A hamuwezi kumwambia "umetemwa" mlangoni. Ana mwaka mmoja. Mnakaa, mnakubaliana kiasi, mnaandika, pande zote zinasaini. Bila hapo mshahara wa mwaka mzima unaweza kuwa deni, na umemtoa mtu mwenye dakika 1,650 kwa gharama ya kumbakiza. Na kama mnadaiwa mishahara ya miezi miwili, mchezaji akiwapa notisi ya maandishi ya siku 15 bila kulipwa anaweza kuvunja yeye, bila nyinyi kuchagua lolote.

D akija kuongeza mkataba, mpimeni KABLA ya saini. Kifungu cha "mkataba utategemea vipimo vya afya" hakina nguvu, FIFA hawakitambui.

F kumtoa mkopo tena sawa, mkopo mmoja usizidi mwaka. Kumbukeni msimu mmoja mchezaji anaweza kusajiliwa klabu tatu lakini mechi za mashindano anacheza mbili tu. Mkimpa hata dakika tano za ligi mwanzoni, nyinyi tayari ni klabu moja.

Krosi_ya_Chini:
LainiYaNne nakukubali kwa E, ila mguu usiupite haraka hivyo. Mtu wa kulia akicheza namba tatu, kila akipanda lazima aukate mpira ndani ndipo apige. Winga wa 4-3-3 naye anaingia ndani, wanagongana, upande wote unakufa na beki wa adui anapumzika. D akikosekana hamkosi beki tu, mnakosa upana na kona za kushoto. Mimi D nambakiza, mkataba mwaka mmoja, malipo mengine yafuate mechi alizocheza, na asianze mechi mbili ndani ya siku nne.

A abaki kwa ajili ya B. Siku B hajui asimame wapi, nani atamkemea?

Mshika_Kibendera:
Shukrani wakuu. C nimempigia, hajasaini popote. Kwa hiyo E ndani, D ndani baada ya vipimo, A abaki amalizie mwaka wake, na nafasi ya nne ni B au C kwa zoezi la krosi Jumanne. F tutamtafutia mkopo ila asubiri zile wiki mbili apimwe. Swali moja: krosi apige nani? Winga wetu wa kushoto anapatana sana na B.

LainiYaNne:
Basi huyo asipige. Tafuta mtu asiye na upande, kocha wa makipa anafaa, apige yeye kwa wote wawili, mipira ileile kumi: minne ya juu, mitatu ya kasi usawa wa kiuno, mitatu ya chini. Waite mmoja mmoja, C asimwone B akifanya. Na simu ya kurekodi iwe nyuma ya goli, ukiiweka pembeni hutaiona shingo.