Ulinganisho: nta, silanti ya kupulizia au seramiki kwa gari linalooshwa bila kusuuzwa, mazingira ya Mwanza

Mwanzisha mada, Nyegezi

Ndugu wanajukwaa, salaam. Naomba tulinganishe njia za kulinda rangi ya gari ambalo siku hizi ninaliosha kwa ndoo moja bila kulisuuza. Nilihamia uoshaji huu kwa sababu maji ya bomba huku mlimani hayatoki kila siku, na pia kwa sababu Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli zenye madhara ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, hivyo kuteremsha gari hadi ufukweni na kumwaga povu humo si jambo la kuendelea nalo. Gari ni jeusi, liliagizwa kutoka Japani likiwa limetumika, na hulala nje chini ya mti. Likishafutwa linang'aa, lakini maji hayafanyi tena matone juu ya boneti, yanatandaa tu, ishara kwamba kinga ya rangi imeisha. Nimeshauriwa nta ya kopo, silanti ya kupulizia (kinga ya kemikali inayofanya kazi kama nta) na seramiki (kinga ya majimaji inayoganda juu ya rangi). Kipi kinafaa?

Mjumbe, Kirumba

Mkuu, mimi naitetea nta ya karnauba, ile inayotokana na majani ya mti wa jamii ya michikichi unaoota kaskazini-mashariki mwa Brazili. Juu ya rangi nyeusi inatoa mng'ao wenye kina ambao sijauona kwenye dawa nyingine, na mtu yeyote anaweza kuipaka mwenyewe kivulini. Udhaifu wake ni kwamba gari linaloanikwa juani kutwa nzima huimaliza mapema, mara nyingi kabla ya miezi miwili kupita.

Mjumbe, Capri Point

Kwa heshima, sikubaliani. Huku kwetu korongo wanatua juu ya miti na mawe, na kinyesi cha ndege kina asidi inayokula klia, yaani tabaka angavu la juu linalofunika rangi, hasa jua linapokipiga. Nta haiwezi kustahimili hali hiyo. Seramiki, ambayo kiini chake ni oksidi ya silikoni, inashikana na klia yenyewe na kudumu miaka miwili au zaidi ikitunzwa. Gharama ni kubwa mwanzoni, lakini unalipa mara moja.

Fundi rangi, Igoma

Wakuu wote mmesema jambo la kweli, ila mwenye mada ameuliza kuhusu gari lisilosuuzwa, na hapo ndipo uamuzi unapobadilika. Dawa ya kuoshea bila kusuuza ina polima zinazozingira chembe za vumbi na kuzifanya ziteleze badala ya kukwaruza. Baadhi yake huchanganywa kwa uwiano wa 1 kwa 256, yaani takriban mililita 15 katika lita 4 za maji. Nyingi huacha utando mwembamba juu ya rangi. Utando huo haudhuru silanti ya kupulizia, lakini kwa seramiki ni kikwazo, kwa kuwa seramiki inataka rangi iliyo tupu kabisa: ipitishwe klei (kinyunga laini cha kusafishia rangi) kuondoa uchafu uliogandamana, ipigwe polishi, kisha ifutwe kwa spiriti ya aisopropili. Baada ya hapo gari lisiguswe na maji kwa takriban saa 24. Mtu anayelaza gari chini ya mti, tena msimu wa mvua, atalipata wapi banda la kulihifadhi?

Lipo pia suala la unene. Klia ya kiwandani huwa na mikroni 35 hadi 50 hivi, pungufu ya unene wa unywele, na kila polishi inaipunguza. Gari lililotumika huenda lilishapigwa polishi zaidi ya mara moja kabla halijapanda meli, kwa hiyo fundi apime kwanza kwa kifaa cha kupimia unene wa rangi. Akikuta tabaka zote kwa pamoja zinapita sana mikroni 150, huenda sehemu hiyo ilishapakwa rangi upya au imejazwa puti. Na ile "9H" inayoandikwa kwenye chupa za seramiki ni kipimo cha ugumu kwa penseli. Haimaanishi kwamba kokoto za barabara ya vumbi hazitaacha alama. Kwa kokoto kuna filamu ya poliyurethani, yaani plastiki angavu inayobandikwa juu ya rangi, na hiyo ni bei nyingine kabisa.

Kwa hali yako ningechagua silanti ya kupulizia. Osha upande mmoja, na kabla haujakauka pulizia mara mbili tu, kisha futa kwa taulo la maikrofaiba lililokunjwa mara nne, ugeuzie upande mkavu umalizie. Ukiona ukungu wa rangi za upinde wa mvua juu ya weusi, umepulizia nyingi. Pitisha taulo lenye unyevunyevu utaisha. Kazi ya kukausha na kazi ya kulinda zinafanyika kwa pamoja, na kila unapoosha unaongeza kinga.

Dereva, Buswelu

Naunga mkono, na naongeza kuhusu wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda kama wingu. Ukipita kandokando ya ziwa usiku wanajaa kwenye bampa na vioo, na wakikaukia hapo kuwasugua ndiko kunakoleta mikwaruzo. Mimi natandaza taulo lililoloweshwa maji ya ndoo ya kuoshea, naliacha dakika chache, kisha naliburuta taratibu bila kukandamiza. Kinyesi cha ndege nacho hivyohivyo, siku ileile, hata kama gari lina seramiki.

Mwanzisha mada, Nyegezi

Nashukuru sana. Je, nipake kwanza silanti ya kopo iwe msingi, au ya kupulizia inatosha? Na vumbi la kiangazi likiwa zito, bado naweza kufuta bila kusuuza?

Fundi rangi, Igoma

Msingi unasaidia. Silanti ya kopo inaweza kukaa miezi minne hadi sita, na ile ya kupulizia itairefushia maisha. Ipake mara moja kabla ya mvua za Novemba, rangi ikiwa imepitishwa klei na imekauka vizuri. Kama kuna mlango uliopakwa rangi upya gereji hivi karibuni, uruke kwanza kwa wiki kadhaa ili viyeyushi viishe kutoka.

Kuhusu vumbi, pitisha kidole pembeni mwa bampa ya nyuma. Kikitoka na tope au mchanga, usifute. Mwagia kwanza ndoo moja ya maji kutoka juu kwenda chini, ndipo uendelee na taulo. Tumia maji ya bomba au ya mvua kama unayo, kwa kuwa maji ya visima vingi yana chumvichumvi, na yakikaukia juani juu ya rangi nyeusi yanaacha madoa meupe ambayo silanti itayafungia ndani.