Fuwele ya kunasa floridi imegoma kwenye maji ya kisima cha nyumbani, naomba mwongozo

Kijana_wa_Singida
Habari za jioni wakuu. Niko mwaka wa mwisho kemia hapa Dodoma ila kwetu ni Singida vijijini, na waliofika kule wanajua meno ya watu yalivyo kahawia kwa ajili ya floridi ya visimani, mdogo wangu wa kike hacheki bila kuziba mdomo na mkono, hiyo kitu inaniuma sana. Kwa hiyo projekti yangu nimechagua MOF, zile fuwele ambazo madini yanakaa kwenye kona halafu molekuli za kaboni zinakuwa kama nguzo za kuunganisha kona na kona, katikati yanabaki matundu matupu mengi sana, ndo zilizowapa akina Kitagawa, Robson na Yaghi Nobel ya kemia 2025. Nimetengeneza aina moja ya MOF inaitwa UiO-66, madini yake ya kwenye kona ni zirkoniamu. Kwenye maji ya maabara niliyotia floridi mwenyewe ilinasa vizuri mpaka nikafurahi, nikaleta maji ya kisima cha nyumbani yaani karibu haifanyi kitu. Je nibadilishe madini niweke alumini au nibadilishe nguzo? Nimebakiza miezi mitatu tu.

Mama_Maabara
Mdogo wangu pole na hongera, maana wengi hawafiki hata hatua ya kujaribu maji halisi. Fuwele yako haina kosa, shida ni kwamba uliichagua kabla hujayajua maji. Maji yenye floridi nyingi ukanda huu wa bonde la ufa huwa na kalsiamu kidogo, bikaboneti nyingi na pH (kipimo cha uasidi) imepanda, yaani maji si ya asidi, sasa floridi inaingia kwenye zirkoniamu kwa kumtoa OH (hidroksidi) aliyekaa pale, pH ikipanda hao OH wamejaa kwenye maji wanagombania kiti kilekile, na uso wa fuwele unakuwa hasi unaisukuma floridi. Bikaboneti nayo inashika zirkoniamu na taratibu inazing'oa nguzo, kama kuna fosfeti ndo kabisa. Maji ya maabara hayana vurugu hizo. Pima kwanza pH na bikaboneti ya kisima, tengeneza maji ya kuigiza yenye viwango hivyo, ongeza kimoja kimoja uone nani anakukwamisha. Halafu usibadilishe nguzo, ZIPUNGUZE. Wakati wa kupika ongeza asidi ya asetiki, baadhi ya nguzo zitakosekana na zirkoniamu itabaki na nafasi wazi za kupokea floridi. Alumini nenda nayo taratibu, floridi huwa inaiyeyusha alumini, utatoa sumu moja uingize nyingine, ukiijaribu lazima upime alumini iliyobaki kwenye maji.

Fundi_Pampu
Mimi si mkemia nachimba na kutengeneza visima, naomba niulize, huo unga bibi kijijini atautenganishaje na maji? Maana mkaa wa mifupa ya ng'ombe wa kuondoa floridi, kule Ngurdoto karibu na Arusha wameufanyia kazi miaka mingi, unaweka kwenye ndoo maji yanapita basi. Hiyo fuwele yako ilinganishe na mkaa huo kwa maji yaleyale, shika lengo la floridi miligramu 1.5 kwa lita, si ile 4 ya kiwango cha zamani cha Tanzania. Ikishindwa na mifupa sema imeshindwa, ikishinda tutakuja wenyewe kuitafuta.

Famasia_Makulu
Swali la fundi ni la maana. Nyongeza yangu ni kuhusu nguzo, asidi ya tereftaliki unayotumia ndo inayotengeneza chupa za maji za plastiki, kuna watu wanazivunja chupa wanaipata humohumo, Dodoma chupa zimejaa kila mtaro. Na usalama usiuache mwishoni. Kwenye kubeba dawa, MOF nyingine inaitwa MIL-101 ya kromiamu ilibeba gramu 1.4 za ibuprofeni, dawa ya maumivu, kwa kila gramu ya fuwele, mzigo mkubwa mno, lakini kromiamu nani atammezesha mgonjwa, watafiti wakahamia chuma ambacho mwili unakijua. Maji ya kunywa yanaingia tumboni vilevile, kwa hiyo pima zirkoniamu na kile kiyeyusho cha DMF unachopikia fuwele kama vinavuja.

Kijana_wa_Singida
Shikamoo Mama_Maabara, na wengine wote asanteni mno. Nimepima leo mchana, maji ya kisima yana pH 8.4, na mimi majaribio yangu yote nilifanya kwenye pH 6, kumbe ndo hapo. Bikaboneti nitapima kesho. Ijumaa napanda basi kwenda nyumbani kuchukua maji mengine lita 20, na mifupa nitamuomba mchinjaji wa pale kijijini. Fundi, ukiwa na ndoo ya chujio ya zamani hapa mjini naomba uniazime, nitakuja kuichukua mwenyewe.

Fundi_Pampu
Ipo moja, bomba lake linavuja kidogo nitakutengenezea. Njoo Jumatatu asubuhi kabla sijaenda saiti.